Nyusi zinapopungua, usikimbilie wanja

Mama mmoja alikuja kliniki akiwa amembeba binti yake wa miezi kumi. Shida iliyomleta ilikuwa ya mtoto: uvimbe mdogo, mgumu kiasi, ukubwa wa kunde, kwenye ncha ya nje ya unyusi wa kushoto. Alisema ulikuwepo tangu mtoto anazaliwa. Bibi wa mtoto alikuwa akiukanda kila jioni kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu ili "uyeyuke", na haukuyeyuka.

Nilimpima mtoto, na nitarudi kwake baadaye. Lakini mama alipoinama kumvalisha nguo, niliona jambo jingine. Nyusi zake zilikuwa zimechorwa vizuri kwa wanja wa penseli, ila kuanzia usawa wa pembe ya nje ya jicho kwenda sikioni, chini ya ule wanja hapakuwa na unywele hata mmoja.

"Mama, samahani, naomba ufute wanja kidogo nione."

Akacheka kwa aibu. "Daktari, mimi nyusi zilianza kuniisha baada ya kujifungua. Nimeshazoea."

Nikaendelea kumuuliza. Anachoka? Anachoka hata akiamka asubuhi. Choo? Kigumu, anapata baada ya siku tatu au nne. Uzito umeongezeka ingawa hamu ya kula imepungua. Usiku anajifunika blanketi wakati mumewe anawasha feni. Sauti yake ilikuwa nzito, na mwenyewe alisema zamani alikuwa anaimba kwaya sauti ya kwanza. Kila jibu lilimalizika kwa swali lilelile: "Si ni uzazi tu, daktari?"

Kipimo cha damu kilionyesha kwamba tezi yake ya shingo, ile tunayoiita tezi ya thairoidi, ilikuwa imelegea kabisa. Kwa miezi kadhaa alikuwa anaichora dalili ya ugonjwa wake kila asubuhi mbele ya kioo.

Nimeandika kuhusu macho, masikio na meno katika safu hii. Nyusi nimezipita kila mara, na leo nalipa deni hilo.

Kazi ya nyusi

Jiangalie kwenye kioo kwa karibu. Nywele za unyusi zilizo karibu na pua huelekea juu. Zinazofuata hulala kuelekea upande wa sikio, na zile za ukingo wa juu huinama kidogo kuelekea chini. Mpangilio huo ndio mfereji wenyewe. Jasho au maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye paji la uso hukutana na nywele hizi, yakaelekezwa pembeni, yakashukia shavuni badala ya kuingia jichoni. Jasho lina chumvi, na yeyote aliyewahi kulima au kukimbia juani akiwa amenyoa nyusi zote anajua jinsi macho yanavyowasha.

Swali ninaloulizwa sana na kina mama wanaosubiri zamu ni kwa nini nywele za nyusi hazirefuki kama za kichwani. Kila unywele una kipindi cha kukua, kisha hupumzika, kisha hudondoka. Unywele wa kichwani hukua kwa miaka kadhaa kabla ya kupumzika. Wa unyusi hukua kwa wiki au miezi michache tu, halafu unasimama. Ndiyo maana hata usipoukata kamwe, hautafika shavuni. Na ndiyo maana pia kumnyoa mtoto mchanga nyusi kwa wembe "ili ziote nyingi" ni kazi bure. Wembe hukata kilicho juu ya ngozi. Shina la unywele liko ndani ya ngozi na halina habari ya wembe.

Chini ya ngozi kuna misuli. Mmoja mpana umelala kwenye paji la uso na kuinua nyusi. Mwingine mdogo, karibu na pua, huzivuta nyusi zikaribiane, na hapo ndipo tunapopata ndita. Kuna na mingine inayozishusha. Chini ya misuli kuna ukingo wa mfupa unaokinga jicho kama upenu wa nyumba. Ukipapasa ukingo huo kwa kidole kutoka puani kwenda nje, kama theluthi moja ya safari utakutana na kibonde kidogo. Hapo hupita mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye paji la uso. Ukibonyeza kwa nguvu inauma, na madaktari tunapatumia mahali hapo kumpima mgonjwa aliyezimia kama bado anahisi maumivu.

Ukingo huo wa mfupa una historia ndefu. Fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 lina ukingo mnene uliotokeza juu ya macho. Lina ukingo kama huo pia fuvu la binadamu wa kale lililopatikana Kabwe, Zambia, mwaka 1921. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha kazi waliyoifanya kwa kompyuta juu ya fuvu hilo la Kabwe. Waliupunguza ukingo wake na kupima nguvu za kutafuna, wakaona kwamba unene ule haukuhitajika sana kwa ajili ya kutafuna. Mawazo yao ni kwamba ulikuwa wa kujionyesha mbele ya wengine, na kwamba ulipopungua kwetu sisi, paji la uso likawa wima na nyusi zikapata nafasi ya kucheza. Mimi si mtaalamu wa mafuvu, lakini mtu yeyote aliyewahi kunyamazishwa na mama yake mbele ya wageni kwa unyusi mmoja tu ulioinuliwa hatapata shida kukubali kwamba nyusi zinaongea.

Zinatutambulisha pia. Katika utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2003, watu walionyeshwa picha za watu mashuhuri, nyingine zikiwa zimefutwa macho na nyingine zimefutwa nyusi. Picha zisizo na nyusi ziliwashinda zaidi kuzitambua kuliko zile zisizo na macho.

Nyusi zikianza kuondoka

Tuanze na sababu za kawaida ili nisiwatie watu hofu. Umri hupunguza nyusi. Kuzitinda kwa miaka mingi, hasa kwa kung'oa, huchosha mashina mpaka mengine yanagoma kuota tena. Mba ya usoni hufanya ngozi ya nyusi kuwa na magamba na kuwasha, mtu akajikuna mpaka nywele zikakatika. Hii inatibika vizuri kwa dawa za kupaka.

Nyusi zinazopungua upande wa nje kwa pande zote mbili, pamoja na uchovu, baridi, choo kigumu, ngozi kavu, hedhi iliyovurugika au uzito unaopanda, zinahitaji kipimo cha tezi ya shingo. Si kila mwenye dalili hizo ana ugonjwa huo, lakini ni kipimo cha damu tu, na tiba yake ni kidonge. Kwa kina mama, katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, kinga ya mwili inaweza kuishambulia tezi hii. Kwa kuwa mwaka huo kila mama amechoka, ugonjwa hujificha nyuma ya uchovu wa kulea. Hata nesi mwenye uzoefu anaweza kupitwa.

Sababu ya pili ninayotaka isisahaulike ni ukoma. Najua wasomaji wengi wanaamini ulikwisha zamani. Haujaisha. Nchini kwetu wagonjwa wapya wanagundulika kila mwaka, na katika aina mojawapo ya ukoma ngozi ya uso huwa nene, ndewe za masikio huvimba, na nyusi hudondoka kuanzia upande wa nje. Dalili nyingine ni baka la ngozi lisilohisi mguso wala joto, au ganzi ya mikono na miguu. Dawa zake hutolewa bure, humezwa kwa miezi 6 hadi 12 kutegemea aina, na mgonjwa akishaanza dawa, baada ya muda mfupi si hatari tena kwa wengine. Kinachowaletea watu ulemavu ni kuchelewa, na wengi huchelewa kwa sababu ya aibu. Mtu anayeficha nyusi zilizodondoka kwa wanja, na baka kwa mikono mirefu ya shati, anaweza kupoteza vidole ambavyo vingeokolewa.

Kaswende iliyoenea mwilini nayo hudondosha nyusi kwa mabaka. Dawa za saratani hudondosha nyusi pamoja na nywele za kichwani, na mara nyingi hurudi matibabu yakiisha. Kuna pia ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mashina ya nywele, mtu akabaki na kipara cha duara, laini, kichwani au kwenye unyusi. Huo si ulozi, na hauambukizi. Mtoto mwenye tatizo hilo asitengwe darasani.

Mtoto akiwa na unyusi wenye nywele za urefu tofauti tofauti, nyingine zimekatika katikati, huenda anajing'oa mwenyewe, mara nyingi bila kujua. Wazazi wengi humchapa. Fimbo huongeza wasiwasi, na wasiwasi ndio unaopeleka mkono kwenye unyusi. Nimemwona mvulana wa darasa la tano aliyeacha tabia hiyo baada ya mzazi wake kugundua nani alikuwa anamnyang'anya chakula shuleni.

Jeraha la kwenye unyusi

Watoto wanapoanguka, unyusi hupasuka mara nyingi sana, kwa sababu ngozi yake imebanwa kati ya sakafu na ule ukingo wa mfupa. Uso una damu nyingi, kwa hiyo kidonda kidogo kinaweza kulowesha shati zima na kumtia mzazi kiwewe. Kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunua funua kuangalia. Usiweke majivu, kahawa wala dawa ya meno. Kidonda kikiwa kimeachana, kinahitaji kushonwa siku hiyohiyo.

Na hapa nina la kuungama. Nikiwa daktari mpya, zamu ya usiku, nililetewa mtoto wa miaka minne aliyepasuka unyusi. Niliona nywele zinanisumbua, nikachukua wembe nikazinyoa zote kisha nikashona. Nilijivunia usafi wa kazi yangu. Asubuhi daktari bingwa alipopita wodini alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akauliza, "Sasa ulijuaje pande mbili za unyusi zinakutana wapi?" Sikuwa na jibu. Mstari wa nywele ndio ramani ya mshonaji. Ukiufuta, unyusi unaweza kuungana ukiwa na ngazi, upande mmoja juu na mwingine chini, na mtoto atakua na ngazi hiyo usoni. Vilevile nywele zikinyolewa zinaweza kuota bila mpangilio au zisiote sawasawa. Mzazi, ukiona mhudumu anashika wembe kabla ya kushona unyusi wa mwanao, una haki ya kuuliza kwa upole kama ni lazima.

Siku inayofuata kope inaweza kuvimba na kuwa nyeusi. Mara nyingi ni damu iliyoteremka chini ya ngozi, nayo huisha yenyewe. Lakini mtoto akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege au kuongea visivyo, rudi hospitali bila kungoja kuche. Kuna na jambo moja ambalo hata wahudumu husahau: pigo la nguvu kwenye ncha ya nje ya unyusi, kwa mfano mtu aliyeanguka na bodaboda, linaweza kuudhuru mshipa wa fahamu wa jicho hata kama kidonda chenyewe ni kidogo. Ziba jicho moja, mwonyeshe vidole, kisha uzibe la pili. Akisema jicho la upande ulioumia halioni vizuri, hiyo ni dharura.

Inua nyusi nikuone

Mdomo wa mtu ukipinda ghafla, daktari humwambia, "Inua nyusi kama unayeshangaa." Paji la uso hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kwa hiyo katika kiharusi mdomo hupinda lakini kwa kawaida nyusi zote mbili bado huinuka. Ugonjwa ukiwa kwenye mshipa wa fahamu wa uso wenyewe, unyusi wa upande huo hauinuki, mikunjo ya paji hupotea na jicho halifungi. Nawaeleza haya ili mjue kwa nini tunauliza, si ili mjipime nyumbani na kulala. Mdomo uliopinda ghafla ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Kiharusi kina saa zake, na ule ugonjwa mwingine nao una dawa ambayo hufaa zaidi ikianza ndani ya siku tatu.

Mtoto anayeinua unyusi mmoja muda wote, au anayeinua kidevu ili aone, mwangalie kope. Huenda imelegea na anaivuta kwa misuli ya paji. Jicho lililofunikwa utotoni ubongo huzoea kutolitumia, na akishakuwa mkubwa ni vigumu kulirudisha. Huyo aonwe na daktari wa macho mapema.

Malengelenge yenye maumivu ya kuchoma upande mmoja tu wa paji la uso na unyusi ni mkanda wa jeshi. Yakifika kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini. Dawa hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya siku tatu za kwanza, na ni vyema kupima VVU wakati huohuo.

Wanja, piko na wembe

Sina ugomvi na urembo. Mimi mwenyewe nazitinda. Ila wembe uwe wako, usiwe wa saluni uliopita kwa watu wanne kabla yako, kwani homa ya ini na VVU havionekani kwenye wembe.

Piko, ile hina nyeusi, mara nyingi ina kemikali ya rangi ya nywele ambayo baadhi ya ngozi huikataa. Kwenye nyusi, kope hufura mpaka macho hayafunguki, na mara nyingi hali hiyo huja siku moja hadi tatu baadaye, mtu akadhani ni kitu alichokula. Ngozi ikishaikataa mara moja huikataa maisha yote.

Kuhusu wanja kwa watoto wachanga, najua nagusa mila. Mtoto hupakwa nyusi nene nyeusi, au doa kwenye paji, ili jicho la hasidi limpite. Lakini wanja wa manga na aina nyingine za wanja wa jiwe mara nyingi huwa na madini ya risasi. Mtoto hujisugua uso, kisha hunyonya vidole. Risasi huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kama familia haiwezi kuacha kabisa, kuna bangili na ushanga, ilimradi mtoto hawezi kuvikata na kumeza.

Nirudi kwa yule binti wa miezi kumi. Uvimbe wake ni wa kuzaliwa nao. Mtoto anapoumbwa tumboni, mifupa ya fuvu huungana, na wakati mwingine chembe za ngozi hunaswa kwenye maungio hayo. Ncha ya nje ya unyusi ni mahali pake pa kawaida. Ndani yake kuna mafuta mazito na pengine nywele. Si saratani, lakini haukandwi, hautobolewi, wala haukamuliwi. Ukipasukia ndani huleta uvimbe mkali na kuifanya kazi ya upasuaji kuwa ngumu. Uvimbe kama huo ukiwa katikati ya nyusi, juu ya pua, ni lazima upigwe picha kwanza, kwani unaweza kuwa na njia inayoelekea ndani ya fuvu.

Mama yake ameanza vidonge vya homoni ya thairoidi. Anakimeza asubuhi kabla ya kula, nusu saa kabla ya chai, na anaendelea kunyonyesha bila wasiwasi. Baada ya wiki nane damu ilikuwa imeanza kukaa sawa na choo kimerudi. Nyusi zinachelewa, na nilimwonya hivyo, ila wiki iliyopita alinionyesha vinywele vichache vifupi upande wa kulia na akataka nivihesabu.

Upasuaji wa binti umepangwa mwezi ujao. Mkato utapita kwenye ukingo wa nywele ili kovu lijifiche. Mama ameniuliza kama mtoto atanyolewa unyusi, na nimemwambia hapana. Nimeandika hivyo pia kwenye karatasi ya rufaa, kwa herufi kubwa.